Mapigo yanasikika, lakini je, moyo wa mtoto umeumbika sawasawa?

Wajawazito wengi wanaohudhuria kliniki, wawe wa Makete au wa Mwanjelwa, hurudi nyumbani wametulia kwa sababu muuguzi ameweka fetoskopu tumboni, akahesabu, akasema mtoto anapiga vizuri. Wana haki ya kutulia. Moyo wa mtoto aliye tumboni hupiga mara 110 hadi 160 kwa dakika, na mapigo yakiwa ndani ya kiwango hicho ni dalili njema kwa wakati ule. Ila fetoskopu inasikia tu, haioni. Mtoto ambaye mishipa mikuu ya moyo wake imebadilishana nafasi anaweza kupiga mara 140 kwa dakika bila kuruka hata pigo moja.

Sababu ni namna mtoto anavyoishi tumboni. Hatumii mapafu, oksijeni anaipata kwa mama kupitia kondo la nyuma. Kwa hiyo damu yake nyingi hupita njia za mkato: tundu kati ya vyumba viwili vya juu vya moyo, na mshipa mfupi unaounganisha mshipa wa mapafu na mshipa mkuu wa mwili. Njia hizo huficha kasoro nyingi. Mtoto anakua, anacheza, anazaliwa na kilo zake tatu. Akishaanza kupumua, ule mshipa mfupi hujifunga ndani ya siku chache, na hapo ndipo mtoto aliyeruhusiwa akiwa mzima huanza kuwa na midomo ya bluu, kuhema haraka na kushindwa kunyonya. Kama wazazi wako Tukuyu na upasuaji uko Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, kuna zaidi ya kilomita 800 za kusafiri na kichanga anayeishiwa pumzi.

Ndiyo maana tunasisitiza ultrasaundi ya wiki ya 18 hadi 22. Moyo huanza kupiga mapema, karibu wiki ya sita, na umbo lake hukamilika kabla ya mwezi wa tatu kwisha, lakini huwa mdogo mno kuchunguzwa vizuri. Katikati ya mimba unaonekana. Mpimaji aangalie vyumba vinne, kisha aangalie na mishipa mikuu inavyotoka moyoni, kwa sababu vyumba vinaweza kuonekana sawa kabisa huku mishipa imekosea njia. Wengi wakilala kitandani swali la kwanza ni kama ni wa kike au wa kiume. Ulizeni, hakuna ubaya, lakini ulizeni na moyo. Kipimo hiki hakitumii mionzi ya eksirei.

Wapo wanaohitaji kuchunguzwa kwa undani zaidi, kwa ultrasaundi maalumu ya moyo tunayoiita eko ya moyo wa mtoto tumboni: mama mwenye kisukari tangu kabla ya mimba, mwenye ugonjwa wa lupasi (kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe), anayetumia baadhi ya dawa za kifafa, aliyeugua rubela mimba ikiwa changa, aliyewahi kuzaa mtoto mwenye tatizo la moyo, au ambaye yeye mwenyewe au baba wa mtoto alizaliwa nalo. Hata hivyo, watoto wengi wenye kasoro hizi huzaliwa na mama wasio na lolote kati ya hayo. Takriban mtoto mmoja kati ya 100 huzaliwa na tatizo la moyo, dogo au kubwa. Mawifi na mama wakwe wanaotafuta nani kamroga nani, au mkwe alikula nini, wanamwongezea mzazi mzigo bure.

Jambo moja ambalo halisemwi vya kutosha ni diklofenaki. Mgongo ukiuma baada ya siku nzima ya kuvuna viazi, watu hukimbilia duka la dawa. Diklofenaki na ibuprofeni, hasa miezi ya mwisho, zinaweza kuufunga ule mshipa mfupi mtoto akiwa bado tumboni. Mwambie muuzaji kwamba una mimba, na umuulize mhudumu wa kliniki kabla ya kumeza chochote.

Tatizo likionekana, si hukumu. Matundu mengine madogo hujiziba yenyewe. Mapigo yanayokwenda kasi mno, zaidi ya 200 kwa dakika, mara nyingi tunayatibu kwa kumpa mama dawa zinazomfikia mtoto. Kwa kasoro kubwa, faida ni kupanga: daktari anaandika rufaa mapema, na mama anasafiri mtoto akiwa bado tumboni, ajifungulie karibu na wataalamu wa moyo.

Anza kliniki kabla ya wiki ya 12 ili umri wa mimba ujulikane vizuri; anayeanza mwezi wa saba tunampima pia, ila muda wa kupanga unakuwa mfupi. Ukija, huhitaji kufunga kula. Vaa nguo za vipande viwili, njoo na kadi ya kliniki na dawa zote unazotumia, hata za mitishamba. Baba akija naye aulizwe habari za moyo katika ukoo wake.