Picha nyeusi na nyeupe ya wanyamapori: maana yake nini?

Jina lenyewe linapotosha. Itazame vizuri picha ya tembo iliyopigwa hivyo: weusi hasa umo kwenye kivuli cha chini ya tumbo, weupe hasa labda kwenye pembe. Kwingine kote ni kijivu, na hicho kijivu ndicho picha yenyewe. Wapiga picha wa enzi za filamu walikigawa ngazi 11, kuanzia 0, giza tupu, mpaka 10, weupe wa karatasi. Faili ya kawaida ya JPEG, aina ya faili ya picha ambayo kamera na simu nyingi huhifadhi, ina ngazi 256.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba rangi mbili zisizofanana hata kidogo zinaweza kuangukia ngazi moja. Toka Bagamoyo upande kaskazini mpaka Saadani, hifadhi ya taifa inayopakana na Bahari ya Hindi, uende baada ya masika. Kongoni wa rangi ya kutu kasimama kwenye majani mabichi. Unamwona toka mbali. Ondoa rangi sasa. Kongoni kijivu, majani kijivu kilekile, mnyama kapotea!

Dawa yake ni chujio. Kioo chekundu mbele ya lenzi hupitisha mwanga mwekundu na kuzuia kijani na buluu, kwa hiyo majani yanaingia giza, kongoni anang'aa, na mawingu yanachomoza kwenye anga lililokolea. Siku hizi kazi hiyo hufanyika kwenye kompyuta, ila uwe umehifadhi faili ghafi (RAW), yaani ile inayotunza rangi zote kama kamera ilivyozipokea. Ukiiseti kamera kwenye nyeusi na nyeupe ukahifadhi JPEG peke yake, rangi zimeshatupwa. Hakuna tena cha kutenganisha kongoni na majani.

Mjerumani Carl Georg Schillings, aliyewapiga picha wanyama wa nchi hii usiku kwa mwako wa magnesiamu mwanzoni mwa karne ya 20, hakuwa na hiari. Wewe unayo, basi jiulize rangi inakuzibia nini. Kwa tembo, jua la asubuhi likimpiga ubavuni, jibu ni rahisi: mikunjo ya ngozi. (Punda milia simhesabu, yeye kaja na weusi na weupe wake toka kwao.) Lakini jua likichomoza baharini, achana nalo. Ukiliondolea rangi, unabaki na kisahani cheupe juu ya maji ya kijivu.