Foleni yetu ya Jumanne

Jumanne ni siku ya kliniki ya sukari kwenye kituo chetu cha afya, hapa mkoani Tanga. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi benchi limeshajaa, na wengi hawajatia kitu mdomoni tangu jana usiku, maana zamani waliambiwa "njoo bila kula" na hakuna aliyewaambia vingine. Bibi mmoja alikuwa wa mwisho kwenye foleni. Jasho lilimtoka, nikadhani joto. Alipoanguka tukampima sukari: 2.6 mmol/L, imeshuka mno. Alikunywa glibenklamaidi yake, kidonge cha kushusha sukari, alfajiri, kama tulivyomwandikia, kisha akatusubiri mpaka karibu adhuhuri.

Dawa zilikuwepo, daktari alikuwepo. Foleni ndiyo iliyomwangusha.

Siku hizi kidole kinachomwa mlangoni, kabla hata faili halijatafutwa. Aliye chini ya 4 anapewa maji ya sukari pale pale na kupimwa tena baada ya dakika 15. Wengine wakishapimwa wanakula. Wanakuja na mihogo yao, au uji kwenye chupa. Na kusema kweli wengi hawakuwa na haja ya kuja na njaa. Kipimo cha miezi mitatu, HbA1c, hakijali umekula nini asubuhi, kwa sababu kinasoma sukari iliyojishika kwenye chembe nyekundu za damu, nazo huishi siku 120 hivi. (Kwa mwenye selimundu au upungufu mkubwa wa damu kipimo hiki hudanganya. Huku kwetu hao si wachache.)

Halafu miguu. Hili ndilo nililochelewa nalo kuliko yote, na halina gharama. Anayekaa benchi anavua viatu na soksi kabla hajaitwa. Uzi maalumu wa kupimia hisia, ule wa gramu 10, hatunao kila wakati, kwa hiyo natumia kidole changu. Mgonjwa anafumba macho, namgusa taratibu ncha ya dole gumba la mguu, ya kidole cha tatu na ya kile cha mwisho, miguu yote miwili, bila kubonyeza. Vidole sita. Asipohisi viwili au zaidi, ganzi imeshaingia, na miguu yake itakaguliwa kila anapokuja. Njia hii ilibuniwa Ipswich, Uingereza, na hata mjukuu nyumbani anaweza kuifanya. Mkono nauingiza pia ndani ya viatu. Nimeshatoa changarawe, kizibo cha soda, na siku moja msumari ambao mwenyewe alitembea nao kutoka sokoni.

Insulini ina hesabu zake. Chupa ya mililita 10 ina yuniti 1,000. Anayechoma 30 kwa siku inamtosha kama mwezi, na ikishafunguliwa ndio muda wake huo huo. Asiye na friji tunamshauri mtungi wa udongo, ingawa Dodoma unapooza vizuri zaidi kuliko hapa, maana hewa yetu ya pwani ina unyevu na maji hayakauki haraka. Iliyoganda kuwa barafu itupwe, hata kama imeyeyuka na inaonekana nzima.

Wivu wangu mkubwa ni kwa jirani zetu wa CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU. Mgonjwa wao asipokuja, anapigiwa simu. Wetu alikuwa akipotea miezi sita bila mtu kujua, mpaka aletwe kwa bajaji na mguu umeoza. Tukawaiga: daftari la miadi, namba ya simu ya mgonjwa na ya ndugu, na ambao sukari yao imetulia wanapewa dawa za miezi mitatu, jambo lililopunguza foleni kuliko kitu kingine chochote. Agosti 2022, mjini Lomé, Togo, mawaziri wa afya wa kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani walipitisha mkakati wa PEN-Plus, ili huduma za magonjwa kama kisukari cha aina ya kwanza zishuke hadi hospitali za wilaya. Vizuri. Zikishuka bila daftari la miadi, foleni nayo itashuka nazo.

Shaabani ikiingia tunawaita kwanza wanaotumia glibenklamaidi na insulini, tupange dozi za daku na futari, na wasiofaa kufunga tuwaambie mapema. Asubuhi hiyo namwomba shehe wa mtaani aje akae nasi, maana maneno yangu mimi hayajawahi kumzuia mzee wa Pangani kufunga.