Umesaini mwenyewe, lakini kwa maneno ya nani? Kuhusu bima ya maisha iliyouzwa kwa uongo

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliingia ofisini kwangu hapa Moshi na bahasha ya kaki mkononi. Kabla hajakaa akasema, "Wakili, nimesaini mwenyewe. Sijui kama nina la kudai."

Kauli hiyo naisikia mara nyingi sana, na inaniuma, kwa sababu ndiyo inayowafanya watu wanyamaze mpaka muda wa kudai unawapita.

Wakala wa bima aliwakuta shuleni saa ya chai. Aliwaambia kwamba hiyo ni akiba kama ya benki, ila yenyewe inakua haraka, na mtu akipata shida baada ya mwaka anatoa fedha zake. Akachana karatasi ya daftari na kuandika kwa mkono wake: 60,000 kila mwezi, miaka 10, milioni 12. Mwalimu akasaini, makato yakaanza kwenye mshahara. Mwezi wa 14 mama yake mzazi akalazwa. Alipokwenda kuomba fedha zake, shilingi 840,000, akaambiwa hati yake ya bima bado haijafikisha muda wa kurudishiwa chochote.

Bima ya maisha yenye akiba si akaunti ya benki. Sehemu ya fedha unayolipa inabeba hatari ya kifo, sehemu inalipia gharama za kampuni na kamisheni ya wakala, na mzigo huo huwa mkubwa zaidi mwanzoni. Ndiyo maana ukiivunja miaka ya mwanzo unapata kidogo sana au hupati kitu. Kampuni kuwa na sharti hilo si kosa. Kosa ni kumwambia mtu kinyume chake ili asaini.

Kampuni ikidaiwa hujibu kwamba mkataba ni ule ulioandikwa, maneno ya mdomo hayamo. Ni kweli kwamba Sheria ya Ushahidi hairuhusu kirahisi maneno ya mdomo yabadilishe maandishi, lakini inaruhusu kuthibitisha udanganyifu uliokufanya usaini. Na kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, uongo alioutamka wakala akiwa kwenye kazi aliyotumwa unahesabika kama umetamkwa na kampuni yenyewe. Kwa hiyo usikubali kuambiwa "mtafute wakala wako, ameshaacha kazi."

Kifungu cha 17 cha sheria hiyo kinazungumzia udanganyifu, cha 18 maelezo yasiyo ya kweli hata kama msemaji aliyaamini, na cha 19 kinampa aliyedanganywa uchaguzi. Anaweza kuukataa mkataba na kudai arudishiwe alichotoa, au akaushikilia na kudai awekwe pale ambapo angekuwa kama aliyoambiwa yangekuwa kweli. Hii njia ya pili wengi hawaijui.

Ila kifungu hichohicho kina mtego. Kama ulipotoshwa tu bila hila, na ungeweza kuujua ukweli kwa uangalifu wa kawaida, mkataba haubatiliki. Wakili wa kampuni atakuuliza, "Hukusoma?" Hapo ndipo kesi hizi hushindwa au kushinda. Mtego huo hauwagusi waliodanganywa kwa makusudi, kwa maneno ya wazi, na ndiyo maana napigania sana kuonyesha kwamba wakala alijua. Mtu aliyefundishwa kuuza bima hawezi kusema hakujua kwamba ukiivunja mwaka wa kwanza unaondoka mikono mitupu. Tena hati ya mwalimu ilikuwa yote kwa Kiingereza, na alikabidhiwa miezi miwili baada ya makato kuanza. Angesoma nini siku ya kusaini?

Jambo jingine linalonitia hofu ni wakala kukujazia fomu yako na kuandika "hapana" kwenye kila swali la afya, hata pale ulipomwambia una presha. Siku familia inakwenda kudai, kampuni inasema marehemu alificha ugonjwa. Jaza mwenyewe, na piga picha kila ukurasa.

Ukishagundua uongo, usiendelee kulipa miezi na miezi ukiwa kimya. Itasemekana umeukubali mkataba. Andika barua kwa kampuni, taja tarehe na maneno uliyoambiwa, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wasipokujibu inavyostahili, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima ina ofisi ya Kanda ya Kaskazini pale Arusha, na yupo pia Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, aliyewekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Mahakamani, madai ya mkataba yana miaka 6, na yanayosimama kama kosa la madhara, yaani kudai fidia kwa sababu mtu amekudhuru, si kwa sababu amevunja mkataba, miaka 3 tu. Palipo na udanganyifu, muda huanza kuhesabiwa ulipougundua, au pale ambapo ungeweza kuugundua kwa uangalifu.

Kwa mwalimu wangu, kitu kilichobeba madai yake kilikuwa ile karatasi ya daftari. Alitaka kuitupa kwa hasira. Mume wake akaiokota. Nilimwomba aulize wenzake shuleni, na walimu watatu wakaja na karatasi zao: mwandiko uleule, ahadi ileile ya kutoa baada ya mwaka. Niliambatisha zote nne kwenye notisi ya madai. Kampuni ilimrudishia 840,000 zote kabla hatujafungua shauri. Wale watatu bado hawajalipwa, na hati yao ya madai nimeshaiandaa.