Je, wajua jinsi Kanali Robin Olds alivyozinasa MiG angani?

Mwishoni mwa 1966, marubani wa Marekani waliopigana Vietnam Kaskazini walisumbuliwa sana na MiG-21, ndege za kivita za Kisovieti zilizotumiwa na Vietnam Kaskazini. Zilizuka ghafla, zikazifukuza F-105, ndege za Marekani zilizosheheni mabomu, mpaka ziyatupe ovyo, kisha zikakimbilia viwanjani kwao. Huko viwanjani serikali ya Marekani ilikuwa imekataza zisishambuliwe. Ilibidi zitolewe nje.

Dawa ilitoka kwa Robin Olds, kamanda wa kikosi cha ndege za kivita za F-4 Phantom huko Ubon, Thailand. Vita haikuwa ngeni kwake. Dhidi ya Wajerumani, katika Vita vya Pili vya Dunia, alikuwa ameangusha ndege 12. Hata hivyo alipofika Ubon aliwaambia vijana aliokuja kuwaongoza kwamba ataruka nyuma yao, wamfundishe, tena upesi, maana muda si mrefu atakuwa mbele. Kwa kanali wa miaka 44, kauli hiyo si ndogo.

Tarehe 2 Januari 1967, rada za Vietnam ziliona kitu kilichofanana na msafara wa kawaida wa F-105: njia ileile, kimo kilekile, mwendo uleule, hata majina ya kuitana redioni. Phantom zilifungwa pia vifaa vya kuvuruga rada, ambavyo hadi hapo vilibebwa na F-105. Ujanja wote ulikuwa hapo. Rada ya siku hizo ilionyesha nukta tu, si sura ya ndege. Anayeitazama hubashiri kwa mwenendo wake.

MiG zilipochomoza juu ya mawingu zikakutana na F-4 zisizo na bomu hata moja, zimejaa makombora ya kupigania angani. Wamarekani walihesabu 7 walizoangusha, moja ikiwa ya Olds, bila kupoteza ndege. Vietnam ilikiri 5, na hizo pekee zilikuwa pigo, kwani MiG-21 zake hazikuzidi sana 16.

Mwezi Mei Olds aliangusha 3 zaidi. MiG ya 5 alisema hakuitaka: angerudishwa nyumbani kutembezwa kama shujaa. Nishani ya Msalaba wa Jeshi la Anga aliipata kwa shambulio la Agosti kwenye daraja la Paul Doumer, Hanoi.

Miongoni mwa walioangushwa Januari ile alikuwamo kijana Nguyen Van Coc. Aliruka kwa mwavuli, akarudi vitani, na kwa hesabu ya Vietnam akaangusha 9, kuliko rubani yeyote wa pande zote mbili.