Kivuli kinachokua: woga unaoanzia kwenye retina

Mweke panya wa maabara kwenye boksi lenye kibanda cha kujifichia, na juu yake weka skrini. Onyesha doa jeusi dogo, kisha litanuke haraka. Panya hutimua mbio hadi kibandani, au hujikunyata asitikisike. Melis Yilmaz na Markus Meister walichapisha jaribio hilo mwaka 2013. Panya wale hawakuhitaji kufundishwa: walikimbia hata mara ya kwanza. Huo ndio mwitikio wa kivuli kinachokua, yaani mnyama kujihami anapoona kitu cheusi kikimjia kwa kasi, kama mwewe anaposhuka.

Wengi hudhani retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, hupokea picha na kuipeleka ubongoni ilivyo. La hasha. Utando huu, ambao unene wake haufiki hata nusu milimita, huchambua kwanza. Seli zake za ganglioni, ambazo nyuzi zake ndizo neva ya macho, ziko za aina zaidi ya 30 kwa panya, na kila aina ina jambo lake inalolivizia. Mwaka 2009 kundi la Botond Roska huko Basel, Uswisi, lilieleza aina moja inayotoa ishara kitu cheusi kinaposogea karibu, lakini hunyamaza kikipita ubavuni. Siri iko kwenye kingo. Kitu kikipita, ukingo wa mbele huleta giza na wa nyuma huacha mwanga. Giza huichochea seli, mwanga huizuia, vikafutana. Kikikujia, kingo zote huleta giza, hakuna cha kuizuia. Mimi naona huu ni ufundi wa ajabu, na wote umefanyika ndani ya jicho!

Kutoka hapo ishara hufika ubongo wa kati, kwenye kolikulasi ya juu, sehemu inayopokea ishara za macho. Watafiti wa London walionyesha mwaka 2018 kwamba kolikulasi huzichochea kwa udhaifu seli zinazoamrisha mbio, hivyo tishio lisipofikia kiwango fulani mnyama hakimbii.

Njia nyingine hupitia thalamasi, kituo kilicho ndani ya ubongo kinachopitisha ishara za hisi. Mwaka huohuo, maabara ya Andrew Huberman huko Stanford ilichochea seli za katikati ya thalamasi, na panya walipoonyeshwa kivuli kilekile, badala ya kujificha wakabaki uwanjani wakitikisa mikia kwa vishindo, ishara ya panya aliye tayari kupambana.