Programu ikifia kwenye malloc, kosa litafute nyuma

Kijana mmoja wa hapa Mbeya anaandika kwa C programu ya risiti za viazi. Kazi ni nyepesi: kila penye "Uyole" paandikwe "Mwanjelwa". Risiti ya gunia moja inatoka safi. Ya magunia matatu inakufa, na ujumbe ni malloc(): corrupted top size. Basi kutwa anakagua mistari yenye malloc, funksheni ya kuomba kumbukumbu.

Tuhesabu. Risiti ya gunia moja, "Viazi vya Uyole", ni herufi 15 pamoja na nafasi. Ongeza baiti ya sifuri inayofunga stringi, 16. Ndizo alizoomba kwa ajili ya jibu, kwa malloc(strlen(s) + 1); strlen huhesabu herufi za stringi. Lakini "Viazi vya Mwanjelwa" inataka 20. Mbona haikulalamika? Kwa sababu kwenye Linux ya biti 64, glibc, maktaba ya C yenye malloc, hugawa kumbukumbu kwa vipande vya vipimo maalumu: ukiomba 16, kipande kina nafasi ya 24. Ni lumbesa, na lumbesa haimo kwenye mkataba.

Sasa maandishi ya asili ya risiti ya magunia matatu: "Uyole, Uyole, Uyole". Herufi 19, anaomba 20, anapata 24 zilezile. Jibu linataka 32. Baiti 8 zilizozidi zinaangukia mahali glibc inapotunza ukubwa wa kipande kinachofuata, ambacho kwake kilikuwa akiba yote iliyobaki. Papo hapo hutaona kitu. Baadaye malloc nyingine inakwenda kukata kwenye akiba hiyo, inasoma ukubwa, inakuta "anjelwa", inagoma. Aliyepiga kelele si aliyeharibu.

Dawa ni kupita mara mbili. Kwanza hesabu kwa strstr, funksheni inayotafuta neno ndani ya maandishi, neno linatokea mara ngapi, kisha omba urefu wa zamani, jumlisha idadi mara 4, jumlisha 1. Ndipo unakili. Ukishabandika neno jipya, endelea kutafuta kwenye maandishi ya zamani, baada ya neno ulilolitoa. Ukitafuta ndani ya jibu, siku utakapobadilisha "Uyole" kuwa "Uyole Kati" hutatoka kwenye kitanzi. Na anayepokea jibu ndiye anayepaswa kuliachilia kwa free. Liandike hilo juu ya funksheni.

Kabla ya kukodolea macho mistari ya programu, kompaili kwa gcc -g -fsanitize=address, inayoweka mlinzi wa mipaka ya kumbukumbu. Hata ile risiti ya gunia moja, iliyokuwa "safi", itakamatwa: heap-buffer-overflow, pamoja na namba ya mstari ulioandika nje ya mpaka.