Je, Wajua Kwa Nini Farasi wa Majini Hamfukuzi Mtu?

Msomaji wa riwaya za vijana zenye farasi wauaji watokao baharini na kushindanishwa mchangani hudhani kwamba hatari yao ni kasi. Nami nilidhani hivyo kwa miaka mingi, labda kwa kuwa nimezoea mashindano ya punda ya wakati wa Maulidi hapa Lamu, ambapo watu humkimbia punda aliyemshinda mpandaji wake. Nilikosea kabisa. Katika masimulizi ya Uskoti na Ayalandi, ambako ndiko asili ya wanyama hawa, farasi wa majini kwa kawaida hamfukuzi mtu. Jina lake la Kigaeli, each-uisge, maana yake ni farasi wa maji tu, wala hana undugu na majini wanaofukiziwa ubani. Husimama kando ya maji, mpole, mzuri wa kutamanisha, akingoja apandwe.

Mtego ni ngozi yake inayonata. Ni kama ulimbo, ambao haumwendei ndege bali humngoja atue mwenyewe. Tena ni kama dema: mlango wake ni mpana kwa nje na mwembamba kwa ndani, hivyo samaki huingia kwa hiari yake na kutoka kukamshinda. Mtoto akipanda, mgongo hurefuka ili mwenzake apate nafasi, kisha na mwingine. Kipo kisa cha mvulana aliyemgusa kwa kidole tu, kidole kikanasa, akakikata kwa kisu akaokoka, ilhali wenzake walizamishwa wakaliwa. Kinachoelea baadaye ni maini, kwani mnyama huyu, ajabu, hali maini.

Na mbio je? Waayalandi husimulia kwamba farasi hawa hutoka baharini hasa mwezi wa Novemba, na kwamba anayefaulu kumtia mmoja hatamu na kumpeleka bara hupata kipando kisicho na kifani, mradi kisione wala kunusa maji ya chumvi. Wapo wanaosema visa hivi vilikusudiwa kuwatenga watoto na maji. Kwa kisa cha kidole yaelekea kuwa hivyo, ila sharti hili la chumvi lamhusu mtu mzima mwenye tamaa. Akivunja sharti, farasi hugeuka na kuingia kilindini naye akiwa amegandia mgongoni. Njia ya punda wetu, inayopita mbele ya mji na bahari ikiwa ubavuni, ingekuwa mahali pabaya kweli pa kumjaribia.